Mbolea ya unga au maji ya mwani kwa maua ya vyunguni? Uzoefu wangu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una miwaridi minne, hibiskasi mbili na bogenvilia moja, yote kwenye vyungu. Fedha uliyotenga inatosha chupa moja tu, ama mbolea ya maji iliyoandikwa "ya maua", ama maji ya mwani ambayo jirani yako anayasifia, na unauliza uanze na ipi. Mimi ningeziacha zote mbili kwanza. Ningenunua pakiti ya mbolea ya unga inayoyeyuka kwenye maji, na mwani ningeufikiria baadaye kama kuna kilichobaki. Nitakueleza nilivyofikia hapo, maana nilizunguka sana na kuna mimea niliyoipenda ikafa njiani.

Siku hizi nikishika chupa au pakiti, nageuza upande wa nyuma na kutafuta namba tatu. Ya kwanza ni nitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu, na zote ni asilimia ya uzito. Kwenye lebo nyingi zile mbili za mwisho huhesabiwa kama oksidi, yaani zikiwa zimeungana na oksijeni, kwa hiyo fosforasi halisi ni kama 44% ya namba unayoiona na potasiamu ni kama 83%, lakini ukiwa unalinganisha pakiti na pakiti jambo hilo halikusumbui. Sasa piga hesabu. Chupa ya lita 1 iliyoandikwa 2-1-2 ina takriban gramu 20 za nitrojeni, na karibu yote iliyobaki ni maji. Kilo 1 ya unga wa 20-20-20 ina gramu 200. Kama ile chupa haiuzwi kwa sehemu ya kumi ya bei ya unga, basi maji unayolipia ni sawa na yale yanayotoka bombani kwako. Nilipoanza kugawa bei kwa gramu za nitrojeni, nilijionea jinsi chupa ndogo zenye picha nzuri zilivyo ghali kuliko kitu chochote kwenye rafu.

Sasa hizi zinazoitwa mbolea za kuchanulisha maua. Zimeniumiza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilinunua moja ambayo namba ya katikati ilikuwa zaidi ya mara tano ya namba ya kwanza. Muuzaji aliniambia fosforasi ndiyo inayoleta maua, nami nikaamini kwa sababu kila mtu husema hivyo. Nilimwagilia hibiskasi kila wiki kwa miezi mitatu. Maua hayakuongezeka. Kilichotokea ni majani machanga kuanza kutoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, ambayo ni dalili ya mmea kukosa chuma. Chuma kwenye udongo kilikuwepo. Fosforasi iliyorundikana ndiyo iliyokuwa inauzuia mmea usikipate. Zinki nayo huzuiliwa vivyo hivyo, na wale kuvu wema wanaoishi na mizizi na kuisaidia kutafuta chakula hupungua fosforasi ikizidi. Hibiskasi kati ya maua ya nyumbani ndiyo inayojulikana kwa kutopenda kabisa hali hiyo. Ilinichukua karibu mwaka kuzirudisha, na mojawapo haikurudi.

Mmea wa maua hutumia nitrojeni nyingi kuliko fosforasi. Uwiano unaokaribia mahitaji yake ni 3-1-2, yaani kama nitrojeni ni 3, fosforasi inatosha kuwa 1 na potasiamu 2. Ukipata unga wenye uwiano huo, uchukue bila kusita. Usipoupata, 20-20-20 ya kawaida itakufikisha mradi usizidishe kipimo. Ni kweli nitrojeni ikizidi mno utapata majani manene na maua machache, lakini hapo dawa ni kupunguza kipimo. Kuongeza chupa ya pili ya fosforasi hakurekebishi kitu.

Najua kuna atakayekwambia chukua mbolea za shambani, yurea au DAP, kwa kuwa bei yake ni rahisi zaidi. Ni rahisi kweli. Yurea ina 46% ya nitrojeni, na hapo ndipo hatari ilipo. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4 au 5, yaani karibu gramu 2 za nitrojeni. Chungu kinachopewa lita 1 ya maji ya mbolea kwa wiki, kwa kipimo ninachotumia mimi, hupata gramu 0.1 tu ya nitrojeni. Kijiko hicho ni chakula cha wiki 20 ulichokimwaga kwa dakika moja kwenye udongo usiozidi ndoo. Shambani mizizi ina pa kukimbilia, kwenye chungu haina. Mwaridi wangu wa kwanza uliungua hivyo, ncha za majani zikageuka kahawia ndani ya siku chache na matumba yakadondoka kabla ya kufunguka. DAP nayo ni 18-46-0, kwa hiyo inakurudisha kwenye tatizo lile lile la fosforasi, tena bila potasiamu hata kidogo.

Kipimo changu ni nusu gramu ya 20-20-20 kwa lita ya maji, mara moja kwa wiki wakati mmea unachipua, na nusu ya hapo au nisiweke kabisa ukiwa umepumzika. Mizani ya kupima nusu gramu wengi hatuna. Ninachofanya ni kuyeyusha gramu 50 kwenye lita 1 ya maji, naweka kwenye chupa isiyopitisha mwanga, naiandika jina na kuiweka mbali na watoto. Kila nikitaka kumwagilia natikisa, nachukua mililita 10 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, naweka kwenye lita 1 ya maji. Gramu 50 zinatoa lita 100 za kumwagilia. Kwa mimea yako saba kilo moja itakaa muda mrefu mno, kwa hiyo hata pakiti ya robo kilo si vibaya.

Usimwagilie mbolea kwenye udongo uliokauka kabisa, lowesha kwanza. Kila baada ya mara tatu za mbolea, mara ya nne mwaga maji matupu mengi hadi yatiririke kwa chini. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye kingo za chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea imejikusanya na muda wa kusafisha umepita.

Samadi iliyooza vizuri na mboji ninazitumia pia, nachanganya kwenye udongo wakati wa kuhamishia chungu kipya. Samadi ya kuku iache ioze hasa, ikiwa mbichi inaunguza kama yurea. Majivu ni chanzo cha potasiamu lakini hupandisha ualkali (kinyume cha uasidi) kwenye udongo, kwa hiyo kidogo sana, na usiyachanganye na yurea kwa sababu nitrojeni itapotea hewani kama amonia.

Haya, mwani. Jirani yako hadanganyi, ila nadhani anausifia kwa kazi ambayo si yake. Chupa yangu ya kwanza ya mwani ilikuwa 0-0-1. Nitrojeni hakuna, fosforasi hakuna. Msimu mmoja nilitegemea mwani peke yake kwa sababu nilitaka kitu cha asili, na majani ya chini ya miwaridi yakapauka moja baada ya jingine. Mmea ulikuwa na njaa. Mwani una vitu vingine, kama aljinati (ute wake), manitoli (jamii ya sukari), betaini (kemikali inayokinga seli) na kiasi kidogo sana cha homoni za mimea, na vitu hivyo husaidia mmea kustahimili shida na kutoa mizizi. Hata Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu mbolea huziweka bidhaa za namna hii kwenye kundi la vichochezi, ambavyo hupimwa kwa jinsi vinavyousaidia mmea kukitumia chakula chake, si kwa chakula vilichobeba.

Baadaye nilijaribu kwa utaratibu. Nilichukua vipandikizi 12 vya mwaridi mmoja, udongo mmoja, mbolea ile ile. Sita nikavipa pia mwani kila baada ya wiki mbili, sita vingine nikavipa maji matupu kiasi kile kile. Nilipovihamishia vyungu vikubwa, vile vya mwani vilinyanyuka haraka zaidi, havikulegea kwa siku nyingi kama vingine. Kwenye idadi ya maua sikuona tofauti. Vyungu 12 ni vichache, sikuambii huu ni ushahidi wa kitaalamu, lakini tangu hapo natumia mwani wakati wa kuhamisha mmea, baada ya kupogoa sana, na kwenye joto kali. Wakati mwingine wote chupa inakaa kabatini.

Ukifikia kuununua, chukua wa unga, maana ule wa maji una tatizo lile lile la kulipia maji. Lebo nzuri hutaja aina ya mwani, mara nyingi Ascophyllum nodosum au Ecklonia maxima. Ukiona unga una potasiamu ya kutosha usishangae, mara nyingi hutokana na hidroksidi ya potasiamu inayotumika kuukamua. Fuata kipimo cha lebo, na ukishachanganya na maji utumie siku hiyo hiyo kwa sababu huoza. Kama uko karibu na bahari, mwani uliotupwa ufukweni unafaa kuwekwa kwenye mboji ukishausuuza kwa maji yasiyo na chumvi, ila ulizia kwanza kama unaruhusiwa kuuokota. Kuuloweka kwenye ndoo sikushauri ukiwa na majirani karibu, harufu yake inatisha.

Kuhusu bogenvilia yako uliyosema ina majani mengi bila maua, kabla hujaipa chochote hesabu saa za jua inazopata. Chini ya saa sita za jua la moja kwa moja hakuna mbolea itakayoifungua. Yangu ilikataa misimu miwili, nikaihamishia ukuta wa jua na kuacha udongo ukauke kiasi kati ya mwagilio na mwagilio, ikachanua bila kuongezwa kitu.

Na hizo hibiskasi ulizosema zina majani ya njano, hukusema ni majani yapi. Kama ni ya chini, yale ya zamani, na jani zima limepauka, huenda ni njaa ya nitrojeni na unga utasaidia ndani ya wiki chache. Kama ni machanga ya juu na mishipa imebaki kijani, acha mbolea zote zenye fosforasi kwa sasa, na angalia kama tundu la chini ya chungu halijaziba, kwa sababu mizizi iliyojaa maji nayo hushindwa kuchukua chuma. Piga picha ya jani moja la juu na moja la chini uziweke hapa, nitaziangalia.