Jibu: Mwalimu Frimasoni aliyekufa vitani

Mkuu, umeuliza kama kuna mwalimu aliyekuwa Frimasoni akafa vitani. Yupo, Pierre Brossolette wa Ufaransa, mzaliwa wa Paris, 1903. Kwa elimu alikuwa mtu wa historia, ingawa jina alilipata zaidi kwenye uandishi wa habari.

Agosti 1940 serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ilipiga marufuku Frimasoni. Yeye akawa anafundisha historia Collège Sévigné, shule binafsi ya Paris, na pamoja na mkewe Gilberte wakaendesha duka la vitabu mtaa wa rue de la Pompe. Vitabu viliuzwa kweli, ila wapinzani wa Wajerumani walikuwa wakikutana humo humo! Baadaye akajiunga na idara ya ujasusi ya Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa walioendelea kupigana na Wajerumani.

Alikamatwa Bretagne, mkoa wa pwani ya magharibi ya Ufaransa, Februari 1944, boti yao ilipoharibika akijaribu kuvuka kwenda Uingereza. Alikuwa na shungi la nywele nyeupe kichwani, alama mbaya kwa mtu anayejificha. Wajerumani wakampeleka avenue Foch, Paris, kwenye ofisi za polisi wao wa siri, wakamtesa. Machi 22 alijirusha dirishani, akafa jioni ile bila kuwataja wenzake. Mwaka 2015 akaingizwa Panthéon, jengo la Paris wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa.