Ndugu yako hakukodisha boti, amekodi

SWALI: Familia zetu tatu hapa Birmingham tumepanga mapumziko ya wiki moja kwenye mifereji. Ndugu yangu aliyeshughulikia mipango ameandika hivi kwenye kundi letu: "Nimekodisha boti ya kulala watu wanane. Tunaichukua Jumamosi, na Jumapili tutapanda makufuli 30 ya Tardebigge." Je, neno "makufuli" ni sahihi hapo?

JIBU: Si sahihi. Kufuli, tulilolipata kwa Waarabu wasemao qufl, ni chuma cha kufungia mlango. Lina ufunguo wake na hutiwa mfukoni. Kilichopo Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham, ni chumba cha matofali na mawe kilichojengwa ndani ya mfereji, chenye urefu wa mita 22 hivi na upana wa mita mbili na ushei, na malango upande wa juu na wa chini. Boti inaingia, malango yanafungwa, maji yanajazwa au yanapunguzwa, chombo kinapanda au kinashuka ngazi moja. Wako wanaotaka tukiite kwa jina refu la kubuni. Mimi nasema "loki", kutokana na Kiingereza lock: loki moja, loki 30, kwa sababu neno hilo halimpotoshi mtu na linaweza kupaaziwa mtu aliye ng'ambo ya mfereji. Loki za Tardebigge zinapandisha boti karibu mita 67 katika mwendo usiofika kilomita nne, na hakuna mfululizo mrefu kuliko huo Uingereza nzima. Tengeni nusu siku au zaidi, na vijana wawili wasiochoka.

Lakini umeliona kufuli ukaliruka kosa lililo kubwa zaidi. "Nimekodisha boti." Ikiwa ndugu yako ana boti yake na amempa mtu aitumie kwa malipo, amesema kweli. Ikiwa amelipa ili apewe boti ya wenyewe kwa wiki moja, basi amekodi. Mwenye mali hukodisha, mwenye haja hukodi. Kiambishi -ish- hakikuwekwa pale kwa kupamba kitenzi: kinamfanya mtu amwezeshe mwenzake kutenda. Anayekopa anadaiwa, anayekopesha anadai. Anayepanga anaishi, anayepangisha anapokea kodi. Hakuna mtu mwenye deni benki anayesema "nimeikopesha benki". Kwa nini basi kila anayechukua gari la harusi, viti vya msiba au boti ya likizo adai kwamba amekodisha?

Nimeshajibiwa mara nyingi kwamba muktadha unaeleza. Muktadha unaeleza barazani, ambapo watu wanamjua mwenye boti na asiye nayo. Kwenye mkataba hauelezi. Chukua sentensi hii moja: "Mkodishaji atalipa gharama ya uharibifu wa rafadha." Nani atalipa? Kwa Kiswahili ni mwenye boti. Kwa Kiswahili cha ndugu yako ni ninyi.

Rafadha, ile panga boi inayozunguka chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ndiyo kiungo kinachopata taabu kuliko vyote kwenye mifereji ya mjini. Inaviringa mifuko ya plastiki, kamba, matambara, hata waya wa godoro. Dalili zake ni injini kunguruma kwa taabu, moshi kuzidi na boti kukataa kwenda. Mnaegesha, mnazima injini na kuchomoa ufunguo, kisha mnafungua kifuniko kilicho juu ya rafadha na kukata uchafu kwa kisu. Baada ya hapo kifuniko kinarudishwa mahali pake na kukazwa sawasawa. Kikiachwa kimelegea na injini ikawashwa, rafadha inarusha maji ndani ya chumba cha injini, na chombo kinaweza kuzama kabla hamjapata cha kufulia maji. Sasa rudia ile sentensi: mkodishaji atalipa. Msipojua mkodishaji ni nani, hamjui amana mliyoweka itakwenda wapi.

Endelea na sentensi hiyohiyo, ubadilishe mwisho tu. "Mkodishaji lazima awe na leseni ya boti." Leseni hiyo hutolewa na Canal & River Trust, asasi inayosimamia mifereji mingi ya Uingereza na Wales tangu 2012, na anayewajibika kuwa nayo, pamoja na bima na cheti cha usalama, ni mwenye boti. Anayekodi kwa ajili ya likizo hatakiwi leseni yoyote. Anaonyeshwa kazi kwa muda mfupi gatini, anatia saini, anaondoka. Kwa hiyo ndugu yako anapoandika "nimekodisha", anajitwika leseni asiyokuwa nayo. "Mkodishaji atajaza tangi la maji." Hapo mzee wenu atakaa akingoja mwenye boti aje na mpira, kumbe kujaza maji kila siku au kila siku mbili ni kazi yenu. "Mkodishaji atalipia dizeli." Katika mikataba mingine dizeli imo kwenye bei, katika mingine inahesabiwa kwa saa za injini, neno hilo likikosewa, ni ugomvi wa fedha siku ya kurudisha boti.

Kibao kinachosema "Boti za kukodisha" hakina kosa, maana anayesema pale ni mwenye mali. Wewe unayepita njiani unatafuta boti ya kukodi. Na mkitafsiri mkataba, achaneni na "mkodishaji" kabisa. Andikeni "mwenye boti" na "aliyekodi". Ni maneno mawili ambayo hata mtoto hayachanganyi.

Najua kosa hili limeshaota mizizi. Nalisikia redioni, nalisoma magazetini, na katika maongezi nimechoka kulisahihisha. Mtu akiniambia amekodisha teksi namwachia. Kwenye karatasi inayotiwa saini simwachii.

Na kwa kuwa mna wazee wa kuelekezwa kwa Kiswahili, liangalieni pia neno "usukani". Siku hizi wengi wakilisikia wanaona gurudumu la gari. Boti nyembamba za mifereji hiyo hazina gurudumu. Nahodha anasimama tezi akishika kana, ule mkono wa usukani ambao mabaharia wetu wanaujua tangu zamani, na kana hufanya kinyume: ikisukumwa kushoto, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, inakwenda kulia. Mkiandika "geuza usukani kulia", mzee atasukuma mkono kulia na boti itaingia ukingo wa kushoto, mahali ambapo pengine anatoka mwenzenu. Andikeni "sukuma kana kushoto, omo iende kulia". Ongezeni kwamba mkipishana mnashika upande wa kulia, kwamba mwendo hauzidi kilomita sita na nusu kwa saa, kwamba boti haina breki ila gia ya kurudi nyuma, na kwamba rafadha isipozunguka kana haina nguvu.

Tezi na omo zitawafaa hasa mtakaporudi kwa kushuka loki zilezile. Chini ya malango ya juu kuna kizingiti cha mawe kilichofichwa na maji, na juu ya ukingo kuna mstari mweupe unaoonyesha kinapoishia. Watu huandika "kaa mbele ya mstari", na kila mtu ana mbele yake. Andikeni "tezi nzima iwe imeuvuka mstari kuelekea malango ya chini, na ibaki hapo mpaka maji yatulie". Kamba ishikwe mkononi, isifungwe fundo, kwa sababu boti inashuka na kamba iliyofungwa itaining'iniza. Tezi ikikalia kizingiti maji yakiendelea kupungua, omo inainama, maji yanaingia kwa mbele, na muda wa kuokoa chombo ni dakika chache. Aliye kwenye kana apaze sauti: "Funga vya chini!" Wa ukingoni wanafunga mara moja vilango vidogo vya chini vinavyotoa maji, kisha wanafungua vya juu polepole mpaka boti ielee tena.