Binti mwenye XY si "mwanaume aliyejificha"

Mleta mada, umeuliza kuhusu mpwao wa miaka 17 huko Tandahimba: hajavunja ungo, kipimo cha kromosomu kimesoma XY, na shangazi mtu anasema ni mwanaume aliyejificha. Siyo. Nimeuguza wodi ya upasuaji huku Kusini miaka mingi, haya nimeyaona.

Ile ya sekondari, XX kike, XY kiume, ni kweli kwa wengi, ila habari haiishii hapo. Mimba ya wiki tano haina upande bado. Kwenye Y kuna jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa London mwaka 1990. Ikifanya kazi, zile tezi changa za uzazi zinageuka korodani. Korodani zinatoa homoni mbili. Moja inazuia kizazi kisijengeke. Ya pili, testosteroni, ndiyo ijengayo maumbile ya kiume, lakini lazima ipate kipokezi kwenye seli, na jeni ya kipokezi hicho iko kwenye X, aliyopewa na mama. Kipokezi kikiwa kibovu kabisa, testosteroni inabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Mtoto anazaliwa msichana. Akibalehe matiti yanaota vizuri, maana testosteroni hiyohiyo mwili unaigeuza estrojeni. Hedhi haiji, kizazi hakuna.

Tuliwahi kuletewa binti mwenye uvimbe kinenani, tukajua ngiri. Daktari kupasua, kakuta korodani. Bibi yake alituwakia: "Huyu kachezwa unyago, mnaniambia nini nyie?" Na mimi nilikuwa upande wa bibi. Sampuli ya damu ilisubiri mpaka pesa za korosho zilipoingia ndipo ikaenda Dar, jibu, XY. Binti alibaki binti, na sasa kaolewa.

Ila usimkabidhi mpwao hadithi ya huyu wangu. Iko hali nyingine: SRY yenyewe ina hitilafu, tezi hazikukomaa, kizazi kipo, matiti ndiyo hayaoti bila dawa. Hapo tezi zinaweza kuota saratani mapema, kwa hiyo madaktari hushauri zitolewe bila kuchelewa. Kwa zile korodani za hali ya kwanza, ya kipokezi kibovu, hatari hiyo ni ndogo kabla ya kubalehe, mara nyingi wanaziacha kwanza mwili ukue.

Sasa tuambie: matiti yameota? Ultrasound imeona kizazi? Na upande wa mama yake, kuna mama mdogo au bibi mdogo ambaye hakuwahi kuona siku zake? Huyo shangazi mwambieni apumzike kidogo, binti anasikia.