Ndiyo ya mgonjwa na kipimo cha kuazima: maswali yenu kuhusu afasia

Maswali ya mwezi huu yametoka kwa wanaohudumia watu wenye afasia, yaani upotevu wa lugha unaoletwa na kiharusi, jeraha la kichwa au uvimbe kwenye ubongo. Akili ya mtu ipo. Kilichovurugika ni uwezo wa kuyapata maneno, kuyaelewa, kuyasoma na kuyaandika.

*Nafanya kazi peke yangu katika hospitali ya mkoa. Kipimo nilichonacho ni cha Kiingereza, nimekitafsiri mwenyewe. Ajabu ni kwamba hata ndugu wa wagonjwa, watu wazima wa afya, wanakosa maswali kadhaa. Nimekosea wapi?* — Tabibu wa usemi, Dodoma

Kosa haliko kwenye maneno uliyochagua. Kipimo cha afasia kinategemea ugumu uliomo ndani ya lugha yenyewe, na ugumu wa Kiingereza hauko mahali ulipo ugumu wa Kiswahili. Ukitafsiri unahamisha maswali, ugumu wenyewe unabaki huko ulikotoka.

Anza na picha. Boston Naming Test, kipimo cha Kiingereza cha kutaja majina ya vitu, ina picha 60 zilizopangwa kutoka rahisi hadi ngumu, kwa mazoea ya Marekani. Mojawapo ni nyumba ya barafu. Mzee wa Kondoa akiikosa hajapoteza neno, kwa sababu hakuwahi kuwa nalo. Kusanya picha zako 80 hivi: kinu, ungo, mwiko, jembe, kobe, bajaji, kibatari. Tumia fotografia au kitu chenyewe, maana watu wazima ambao hawakusoma shule mara nyingi hubabaishwa na michoro ya mistari mitupu. Waonyeshe watu wazima 30 wasio na ugonjwa, wa umri na elimu tofauti. Picha ambayo chini ya 27 kati yao wameitaja kwa jina ulilotarajia, ama itupe ama kubali majina yake yote: kibatari ni koroboi, na ungo kwa wengine ni uteo.

Kisha kuna zoezi la kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika 1. Kwa Kiingereza hutumika F, A na S. Kwa Kiswahili ukimpa mtu K, atakwambia kula, kulala, kulima, kuimba, na dakika itaisha bila kichwa kuchoka. M na W nazo zimejaa viambishi vya ngeli. Acha herufi, tumia makundi: wanyama, au vitu vinavyouzwa sokoni. Ukilazimika kutumia herufi, kataza vitenzi vinavyoanza na ku-, na kitabu na vitabu vihesabiwe mara moja.

Sehemu ya kusoma maneno yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa ifute yote. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo hakuna cha kupima hapo. Bakiza maneno ya kubuni, kama “tapoko” au “melugi”: huonyesha kama mgonjwa bado anaweza kuunganisha herufi na sauti bila msaada wa maana.

Ugumu halisi wa Kiswahili umo kwenye kitenzi, na hapo ndipo kipimo chako kinapopaswa kukaa muda mrefu. Linganisha “Msichana anamsukuma mvulana” na “Msichana anasukumwa na mvulana”. Wote wawili wanaweza kusukuma, hivyo mgonjwa hawezi kubahatisha kwa kutumia mazoea ya maisha. “Mwanamke anakula embe” haikupi habari yoyote, kwani embe halili mtu. Andaa picha 4 kwa kila sentensi: iliyo sahihi, iliyogeuza nani amemfanya nani, yenye tendo tofauti, na yenye mtu tofauti. Tayarisha sentensi 12 za kutenda na 12 za kutendwa, uzichanganye. Soma mara 1, kwa mwendo wa kawaida, bila kuikazia “w” ya “anasukumwa”. Ukisoma wodini wakati sufuria za chakula zinagongana, ile “w” haisikiki, na hapo utakuwa unapima masikio.

Jambo la mwisho ni kuhesabu maneno anayosema mgonjwa kwa dakika. “Nitakupikia” ni neno 1 kwetu, lakini kwa Kiingereza ni maneno manne au zaidi. Viwango vya vitabu vya Kiingereza havikufai. Hesabu silabi, uandike kwenye faili kwamba umehesabu silabi, ili atakayekupokea asije akadhani mgonjwa ameboreka ghafla mara tatu.

*Mgonjwa wangu anasema “kiti imevunjika”, “vitabu iko hapa”. Nimeandika kwamba sarufi imeharibika. Daktari anapinga.* — Nakuru

Daktari ana haki ya kupinga. Hicho ni Kiswahili cha kila siku cha watu wengi wa bara, wala si dalili. Vivyo hivyo kwa anayebadilisha “r” na “l” kwa sababu ya lugha ya kwao: hana disathria, ule ulegevu wa misuli ya usemi. Kabla ya kuandika lolote, muulize mkewe au mwanawe: alikuwa akisema hivi hivi kabla ya kuugua? Bora zaidi, omba ujumbe wa sauti wa zamani kwenye simu. Familia nyingi zinao, na dakika 2 za sauti ya kabla ya kiharusi zina thamani kuliko kurasa za maelezo.

Kinachotia shaka ni kingine: vitenzi vinavyobaki mashina matupu (“mimi… soko… enda… nyanya”), viambishi vya nafsi kudondoka, au mtu aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili kuanza kukosea upatanisho.

*Mzee wetu anaitikia “ndiyo” kwa kila kitu. Wanawe wanasema anaelewa yote. Mimi sina hakika, na kesho ana karatasi ya kutia saini.* — Muuguzi, Mombasa

Shaka yako ni ya maana. Mzee aliyelelewa vizuri humwitikia muuguzi “ndiyo” kwa adabu tu. Tena mwenye afasia aghalabu hushika ishara nyingine: uso wako, mkono unaoelekeza, saa ya chakula. Ndiyo maana wanawe wanamwona anaelewa.

Kwanza, usiulize swali la kukanusha. “Hujala?” kwa Kiswahili hujibiwa “ndiyo” na mtu ambaye hajala, na wengine hujibu “hapana” wakiwa na maana ileile. Jibu lolote litakuacha gizani.

Pili, uliza kwa jozi. “Hapa ni hospitalini?” na baada ya maswali mengine kadhaa, “Hapa ni sokoni?” “Ndimu ni chachu?” na baadaye “Ndimu ni tamu kama asali?” Jozi ihesabiwe kuwa sahihi pale tu majibu yote mawili ni sahihi. Anayesema “ndiyo” daima atapata nusu ya maswali, lakini hatapata hata jozi moja.

Tatu, maswali yawe 20. Wengi huishia 10, mgonjwa akipata 7 wanaandika “anaelewa”. Mtu anayebahatisha kabisa hupata 7 au zaidi kati ya 10 kwa nafasi ya asilimia 17, yaani karibu mmoja kati ya sita. Kwa maswali 20, kupata 15 au zaidi kwa kubahatisha ni asilimia 2 tu. Chini ya 15, usimwekee karatasi ya saini mbele yake siku hiyo. Anayefikisha 15 ameonyesha tu kwamba habahatishi. Yaliyomo kwenye karatasi bado yanapaswa kuelezwa kipande kwa kipande na kuulizwa kwa jozi vilevile.

Kama ulimi unamsaliti na anasema “ndiyo” huku akitikisa kichwa kukataa, mpe kadi mbili, moja ina alama ya vema, nyingine ya kosa. Zipange juu na chini, upande wake wa kushoto kidogo. Baadhi ya waliopooza kulia hawaoni vizuri upande huo, na kadi iliyowekwa kulia ni kama haipo. Hakikisha amevaa miwani yake. Na sauti iwe ya mtu mzima kwa mtu mzima. “Babu, sema maaaji” humfanya anyamaze siku nzima.

*Kliniki yetu humwona kila mgonjwa nusu saa kila baada ya wiki mbili. Je, inatosha?* — Morogoro

Haitoshi, na hesabu yake ni fupi: vipindi 26 vya nusu saa ni saa 13 kwa mwaka. Mradi wa RELEASE ulikusanya data za watu 5,928 wenye afasia kutoka nchi 28. Katika uchambuzi wake, maendeleo makubwa zaidi ya lugha kwa jumla yaliambatana na tiba ya zaidi ya saa 20 hadi 50, iliyotolewa siku 3 hadi 5 au zaidi kwa wiki. Kwa ratiba yenu, saa 20 zinafika baada ya wiki 80.

Badilisheni mpangilio, si lazima muongeze watu. Chukueni wagonjwa wachache kwa mkupuo: siku 4 kwa wiki, saa 1 kwa siku, wiki 5. Hizo ni saa 20. Nusu ya saa iwe ya mtu mmoja mmoja, nusu ya kikundi cha watu 4. Wengine wasubiri zamu yao wakiwa na mazoezi ya nyumbani. Ndiyo, kusubiri kunauma, na familia zitalalamika. Waliougua karibuni watangulie. Lakini wa zamani wasifutwe kwenye orodha. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2017 lilihusisha watu 158 waliokuwa na afasia kwa miezi 6 au zaidi, na wiki 3 za tiba ya angalau saa 10 kwa wiki ziliboresha mawasiliano yao.

*Mama hawezi kusema hata “maji”, lakini kanisani anaimba pambio mwanzo hadi mwisho.* — Msomaji, Bukoba

Ni kawaida. Nyimbo, sala, kuhesabu na salamu hutoka kwa mkupuo, bila kutafuta neno moja moja. Kuimba pambio pekee hakutampa neno “maji” mezani. Tabibu anaweza kutumia tiba ya mahadhi, iliyobuniwa Marekani mwaka 1973: chukua kishazi kifupi cha mahitaji yake, “nataka maji”, kighani kwa noti mbili tu huku ukigonga mkono wake wa kushoto silabi kwa silabi. Kiswahili kinasaidia hapa, kwani mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: na-TA-ka MA-ji. Pandisha sauti hapo. Ghanini pamoja, kisha punguza sauti yako taratibu, kisha mahadhi yaondoke na maneno yabaki.

*Nataka kuandika utafiti, lakini nina wagonjwa watano tu.* — Tabibu wa usemi, Kampala

Mmoja anatosha, ukipanga vizuri. Chagua maneno 40 ambayo mgonjwa ameyakosa angalau mara 2 katika majaribio 3 ya siku tofauti. Hapa ndipo tafiti nyingi ndogo zinapoharibika: mtu huchagua maneno yaliyokoswa siku moja, siku ambayo mgonjwa alikuwa amechoka, kisha alama zinapanda zenyewe na sifa anapewa tabibu.

Gawanya maneno mafungu mawili ya 20, yalingane kwa idadi ya silabi na kwa kuzoeleka. Pima yote siku 5 kabla ya tiba. Alama zikiwa zinapanda tayari, ubongo bado unajiponya wenyewe: subiri. Zikitulia, fundisha fungu la kwanza peke yake na upime yote mawili kila baada ya vipindi viwili. Fungu la kwanza likipanda na la pili likibaki chini, una hoja. Ndipo ufundishe la pili. Rudi kupima wiki 4 na wiki 12 baada ya kumaliza. Rekodi kila kipimo, na mtu asiyejua ni cha kabla au cha baada asikilize sehemu ya rekodi hizo, tuseme moja kati ya kila tano, atoe alama upya.

Kibali kinatangulia kurekodi. Kwako ni kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Wenzako wa Tanzania huanzia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Fomu ya ridhaa iwe na wazo moja kwa ukurasa, herufi kubwa na picha, ihakikiwe kwa maswali ya jozi kama tulivyomweleza muuguzi wa Mombasa.

*Wenzangu nitawapata wapi?* — Tabibu mpya, Zanzibar

ASHA, chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi, lugha na kusikia, kina kikundi namba 2, mahsusi kwa matatizo ya mawasiliano yatokanayo na ubongo na neva. ANCDS, jumuiya nyingine ya wataalamu iliyoanzishwa mwaka 1983, nayo inashughulikia eneo hilohilo. Kwa watafiti wa afasia upo ushirikiano wa Collaboration of Aphasia Trialists, wenye makao Glasgow. Majarida ya kulipia yanapatikana kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, ila anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi: mwone mkutubi wa chuo au hospitali yako, uombe nywila. Karibu zaidi na nyumbani, Makerere ilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na waliopita hapo wanajua wodi zinazofanana na yako.

Kwa msaada wa mara kwa mara, tafuta wenzako watatu au wanne, hata wa nchi jirani, mkutane mtandaoni saa 1 kwa mwezi. Kila mmoja alete rekodi ya dakika 3 isiyo na jina la mgonjwa, tena aliyeridhia isikilizwe na wengine, na swali moja tu. Mkileta mawili, saa itaisha kwenye la kwanza.