Safari ya ndoto kwa fedha kidogo: kipi kilipiwe kwanza, tiketi au malazi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mwenzangu wa ndoa tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya safari ya mapumziko ng'ambo, safari tuliyoiota tangu tulipooana. Tumejaribu kuipanga mara mbili, na mara zote mbili hesabu imetushinda: tulipopata nauli nafuu, malazi yalikuwa ghali, na tulipongoja malazi yashuke, nauli ilikuwa imekwisha kupanda. Tunaomba utueleze tuanze na kipi, tiketi au malazi. Je, ni kweli kwamba tiketi hushuka bei siku fulani ya juma, au mtu anapoitafuta kwa dirisha la faragha la kivinjari? Na je, mwenye fedha kidogo ana sababu yoyote ya kulipia bima ya safari?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya tiketi na kabla ya malazi kuna kitu cha tatu ambacho swali lako limekiruka, nacho ni idadi ya siku. Watu wengi huichukulia idadi ya siku kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa, kwa kuwa likizo ni ya juma moja au mawili, kisha huanza kuhangaika na bei mbili ambazo kila moja hupanda na kushuka kwa wakati wake. Nadhani hapo ndipo hesabu yenu ilipokwama. Mmekuwa mkivizia bei, ilhali kilichohitaji kupangwa ni uwiano kati ya gharama za kufika na gharama za kukaa.

Chukueni karatasi mwigawe safu mbili. Katika safu ya kwanza andikeni kila gharama ambayo haiongezeki hata mkikaa siku nyingi: nauli ya kwenda na kurudi, ada ya viza, usafiri wa kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege na kutoka uwanja wa ndege hadi malazini, na ada ya mizigo ikiwa haimo ndani ya tiketi. Bima nayo ingie humo, ingawa huongezeka kidogo kwa kadiri ya siku. Katika safu ya pili andikeni kinacholipwa kila siku, yaani malazi, chakula, usafiri wa mjini na viingilio. Tengeni kwanza sehemu ya kumi ya fedha zote iwe akiba ya dharura, toeni jumla ya safu ya kwanza, kisha kilichobaki kigawanyeni kwa gharama ya siku moja. Jibu litakalotoka ndilo idadi ya siku mnazozimudu, na mara nyingi halilingani na lile lililokuwa kichwani.

Tuseme fedha zenu zote ni mafungu 100. Katika msimu wa wageni wengi nauli inachukua mafungu 40, viza na bima mafungu 8, akiba ya dharura 10, na kila siku inakula mafungu 6. Kinachobaki ni 42, ambacho kinatosha siku 7. Ihamisheni safari hiyohiyo iwe katika msimu wa wageni wachache, nauli ishuke hadi 30 na gharama ya siku hadi 4, na mtabaki na mafungu 52, ambayo ni siku 13. Nauli imepungua kwa robo na gharama ya siku kwa theluthi, lakini siku zimekaribia kuongezeka maradufu, kwa sababu kila fungu lililookolewa kwenye nauli limekwenda kununua siku ambazo zenyewe zimekuwa rahisi zaidi. Hakuna ujanja wa kutafuta tiketi usiku wa manane unaoweza kushindana na badiliko hilo moja la tarehe.

Hesabu hiyohiyo husaidia kuchagua kati ya mahali pawili. Chukulia kwamba kufika mahali pa kwanza kunagharimu mafungu 50 na kila siku ni 3, na kufika mahali pa pili ni mafungu 20 lakini kila siku ni 6. Kwa siku 7, pa pili ni nafuu, 62 kwa 71. Siku ya 10 zinalingana, 80 kwa 80, na kwa siku 14 pa kwanza, palipoonekana ghali kwa sababu ya nauli, panagharimu 92 wakati pa pili pamefika 104. Ndiyo maana siwashauri watu kwenda mbali kwa siku chache. Isitoshe, siku ya kufika na siku ya kuondoka hulipiwa kama siku nyingine, ingawa nusu yake au zaidi huishia kwenye foleni na viti vya kusubiria.

Baada ya hapo kila mmoja wenu aandike, bila kumwonyesha mwenzake, jambo moja tu ambalo likikosekana safari itakuwa imepoteza maana. Naliita jambo hilo kiini cha ndoto, na nimeona wanandoa wakishangazwa na walichoandika wenzao. Kiini ndicho kinachoamua ni wapi msilegeze. Anayetaka kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku katika nchi za kaskazini ya mbali, hana budi kwenda wakati usiku una giza, kati ya Septemba na Aprili hivi, kwa hiyo nauli nafuu ya Juni kwenda Iceland haitamfaa kitu, kwa kuwa majira hayo usiku wa huko hauingii giza kamili. Anayeota kuona hazina za kale za dunia, kwa upande mwingine, ana uhuru mkubwa wa tarehe, tena huenda asilipe kiingilio kabisa: British Museum mjini London na makumbusho ya Smithsonian mjini Washington huingiwa bila malipo, isipokuwa baadhi ya maonyesho maalumu.

Kuhusu misimu, kumbukeni kwamba bei hushuka kwa sababu. Msimu wa vimbunga katika Karibi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na unafuu wa miezi ile, hasa Agosti na Septemba, ni malipo ya hatari mnayoibeba nyinyi. Kinachofaa zaidi ni majuma yaliyo pembezoni mwa kilele. Katika pwani za Mediterania kilele ni Julai na Agosti; Mei na mwishoni mwa Septemba hali ya hewa kwa kawaida bado ni nzuri, na umati umepungua.

Sasa nije kwenye tiketi, ambako uvumi ni mwingi kuliko maelezo. Viti vya daraja la kawaida ndani ya ndege moja haviuzwi kwa bei moja. Shirika la ndege huvigawa katika madaraja ya nauli yanayotambulishwa kwa herufi, na kila herufi ina idadi yake ya viti, bei yake, na masharti yake kuhusu kubadilisha tarehe au kurudishiwa fedha. Viti vya herufi ya chini vikiisha, mnunuzi anayefuata hupewa herufi ya juu yake, hata kama ndege bado ina nafasi tele. Mfumo huu ulishika kasi baada ya Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1978 ya kuondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli za ndege za ndani, na siku hizi kompyuta huufungua na kuufunga mgawo wa kila herufi kutwa nzima kulingana na mauzo. Basi bei mliyoiona asubuhi ikapanda jioni haikupanda kwa sababu tovuti imewatambua. Inaelekea zaidi kwamba mgawo umefungwa, au kwamba tovuti ilikuwa ikionyesha bei iliyohifadhiwa ambayo haikuwapo tena. Dirisha la faragha haliongezi viti katika mgawo. Siku ya juma ya kununua nayo haina nguvu inayosemwa. Siku ya kusafiri ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa ndege za katikati ya juma mara nyingi huwa na abiria wachache kuliko za Ijumaa na Jumapili.

Kuna jambo moja katika mfumo huo linalowahusu nyinyi moja kwa moja, kwa kuwa mko wawili. Mkiomba viti viwili kwa pamoja na herufi ya chini imebakiwa na kiti kimoja tu, mfumo kwa kawaida huwapandisha wote wawili hadi herufi yenye viti viwili. Tafuteni kwanza bei ya mtu mmoja, kisha ya watu wawili, mlinganishe. Zikitofautiana, mnaweza kununua tiketi mbili kwa nyakati mbili, mradi mkubali kwamba ndege ikiahirishwa shirika halitajua kwamba mnasafiri pamoja.

Jihadharini pia na unafuu unaotokana na kuunganisha tiketi mbili zisizohusiana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kuwangoja wala kuwapa nafasi nyingine. Mizigo huenda ikabidi ichukuliwe na kukabidhiwa upya, na ili kuichukua huenda mkalazimika kupita uhamiaji wa nchi ya katikati, jambo linaloweza kudai viza ambayo hamkuipanga. Nikiona mpango wa namna hiyo huuliza kwanza kama kuna usiku mzima kati ya ndege hizo mbili. Kama haupo, huukataa. Na msiiruke sehemu ya kwanza ya tiketi ya kwenda na kurudi kwa sababu mmepata usafiri mwingine, kwani abiria asipotokea mara ya kwanza sehemu zote zilizobaki kwa kawaida hufutwa.

Tiketi au malazi, basi? Yote mawili, kwa awamu. Kwanza wekeni nafasi ya malazi yanayoruhusu kufuta bila gharama hadi karibu na siku ya kufika. Hamjalipa kitu, lakini mmeifunga bei ya juu kabisa mtakayoilipa. Kisha shughulikieni viza. Tiketi isiyorudishwa inunuliwe baada ya viza kutoka, kwa sababu ada ya viza hairudi mkikataliwa, na hakuna haja ya kupoteza na nauli juu yake. Katika nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mfano, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake, na pasipoti inatakiwa iwe hai kwa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka humo. Nchi nyingine nyingi hudai miezi 6. Mkiogopa nauli kupanda wakati mnangoja, muulizeni wakala wa safari kama anaweza kuwashikia nafasi kwa siku chache bila malipo. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, shirika linalouza tiketi moja kwa moja, siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, lazima liwape saa 24 za kufuta bila adhabu au liwashikie bei kwa muda huohuo. Tiketi ikishapatikana, rudini kwenye malazi mtazame kama bei imeshuka. Ikiwa imeshuka, wekeni nafasi mpya kisha mfute ile ya zamani.

Kwenye malazi yenyewe sina mengi. Tazameni bei ya mwisho, pamoja na ada ya usafi na kodi ya wageni, ambayo miji mingi huitoza papo hapo. Chumba rahisi kilicho mbali mno na mnakotaka kwenda hurudisha unafuu wake kwa nauli za kila siku, na jiko dogo la kujipikia lina thamani kuliko bwawa la kuogelea.

Lakini kuna mtego wa kadi ambao huwaumiza hasa wenye fedha kidogo. Hoteli na wakodishaji wa magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na kikizuiwa kwenye kadi inayokata moja kwa moja kutoka akaunti ya benki, fedha hizo zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka kabla ya kuachiliwa. Nimewahi kumhudumia msafiri aliyekuwa na fedha za kutosha kwenye akaunti, ambaye hata hivyo alishindwa kulipia chakula kwa sababu hoteli mbili zilikuwa zimezishika kwa wakati mmoja. Ulizeni kiasi cha dhamana kabla ya kufika, na mkiingize katika hesabu. Mashine ikiuliza kama mnataka kulipa kwa fedha ya kwenu au ya nchi mliyomo, chagueni ya nchi mliyomo. Ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango cha mwenye mashine, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yenu.

Mwisho ni bima, na hapa jibu langu ni kwamba mwenye fedha kidogo anaihitaji kuliko tajiri, ila si yote. Sehemu ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani mtu akiugua isipunguzwe, kwa kuwa gharama zake zinaweza kuvuka mara nyingi bei ya safari nzima. Wanaoomba viza ya Schengen hulazimika kuwa na kinga ya angalau euro 30,000. Sehemu ya mizigo inaweza kuachwa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unalibebesha shirika la ndege dhamana ya mizigo katika safari za kimataifa zinazohusika nao hadi kikomo fulani, mradi mlalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea mzigo ulioharibika, au siku 21 tangu kuupokea uliochelewa. Kinga ya kufuta safari hailipi kwa jambo lililokwisha kujulikana kabla ya kuinunua, kwa hiyo bima ikatwe mapema, mara mnapoanza kulipia vitu visivyorudishwa. Na kama inahitajika kwa ajili ya viza, ichagueni ile ambayo masharti yake yanasema kwa maandishi kwamba mtarudishiwa fedha mkinyimwa viza. Maradhi mliyo nayo yatajeni yote kwenye fomu hata kama ada itaongezeka, kwa sababu dai la matibabu huchunguzwa baada ya mtu kuugua, na ugonjwa uliofichwa unaweza kuwa sababu ya dai zima kukataliwa.