Buti Nimezivua, Nyeusi Sijaivua

Nina miaka 49, naishi Leeds, na bado ni mgothi, yaani mpenzi wa muziki wa goth, ile roki ya huzuni, anayevaa nyeusi na kupaka wanja. Nilipofika huku kusoma nilimtumia mama picha Tanga; akapiga simu kuuliza tumefiwa na nani. Shangazi ndiye aliyenitetea: “Nyie si mnavaa buibui na kupaka wanja? Mtoto kakosa nini?”

Muziki wetu ulianza mwishoni mwa miaka ya 70, kwa hiyo wale wa mwanzo sasa wana wajukuu. Nenda Whitby uone, ule mji wa pwani ya Yorkshire ambao mwandishi Bram Stoker aliutia kwenye Dracula, riwaya yake ya mnyonya damu. Wagothi wanakutana pale tangu 1994. Zamani tulikesha, siku hizi utakuta vigari vya watoto vimefunikwa lesi nyeusi, na saa nne usiku nusu ya watu wameshapanda kulala.

Mzee mwenzangu, ukitaka kuendelea na ugothi, anza na rangi ya nywele. Mimi nilipaka nyeusi miaka 20 bila shida, kisha usiku mmoja kichwa kikaanza kuwasha, asubuhi macho yamevimba hata kufumbuka hayafumbuki. Kumbe rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD, ambayo hata kwenye piko imo, na mzio wake unaweza kukuzukia baada ya miaka mingi ya kuitumia. Ukishadhurika mara moja, usirudie. Mvi zangu nimeziachia, na juu ya gauni jeusi zinapendeza kuliko nilivyotarajia.

Ukumbini vaa vizibo vya masikio. Mimi nilichelewa, sasa langu la kushoto linalia kama nzi mchana kutwa.

Kazini usijieleze. Suti nyeusi, pete moja ya fedha, yatosha.

Na vijana wakija, wenye vipodozi walivyojifunza kwenye simu, usiwafanyie mtihani wa kutaja bendi. Nimewahi kuufanya huo ujinga. Yule binti hakurudi tena.

Halafu buti. Kutoka mjini Whitby hadi kanisa la juu ni ngazi 199, na soli nene kama tofali hazina huruma na goti. Zangu nilimgawia binti yangu wa miaka 14. Mwaka jana alizivaa, akanitangulia hadi juu, nikamkuta amekaa ukutani, moja kaivua, anahesabu malengelenge.