Jibu: ndama wauzwe Julai au wasubiri?

Ndugu yangu wa Kongwa, Dodoma, umeuliza kama uwauze ndama wako mwezi Julai, mara wanapoacha kunyonya, au uwasubirishe hadi Desemba. Kwa mwenye ng'ombe watano na eneo dogo la malisho, ningewauza madume Julai au Agosti, wakati bado wana mwili wa maziwa na nyasi za masika, kwa kuwa kuanzia Septemba malisho ya Dodoma huisha, mifugo hukonda, na wafugaji wengi hulazimika kuuza kwa pamoja, jambo linaloshusha bei mnadani. Mitamba mizuri, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, ibakize.

Ukiwa na mabua ya mtama na mashudu ya alizeti ya kutosha, unaweza kumbakiza dume mmoja au wawili, lakini piga hesabu ya chakula kwanza, si baada ya ghala kuwa tupu.

Lililo kubwa zaidi ni wakati wa kupandisha. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban miezi tisa, hivyo jike aliyepandwa Machi huzaa Desemba, mvua zikianza, naye hupata majani ya kumpa maziwa. Sisi wengine humkamua mama mpaka ndama akabaki mifupa, kisha tunamlaumu mnunuzi! Mwachie ndama chuchu mbili angalau katika miezi mitatu ya kwanza, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, asinyimwe kabisa. Kabla ya kumpeleka mnadani, chukua kibali cha kusafirisha mifugo.